Mihadarati na mofini: Wajibu wa pili wa mikataba ya dunia unaosahaulika

MIKATABA ya kimataifa kuhusu dawa za kulevya hutajwa zaidi shehena ya heroini inaponaswa baharini au mlanguzi anapofikishwa kortini. Ni nadra kutajwa katika wadi ya wagonjwa wa saratani. Hata hivyo, mkataba ule ule unaozitaka serikali kuwafungia njia walanguzi ndio unaozitaka pia zihakikishe kuwa mgonjwa mwenye maumivu makali hakosi mofini.

Wajibu huo umo katika dibaji ya Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, ambao ndio nguzo ya sheria za mihadarati duniani. Dibaji hiyo inatambua kwamba dawa za jamii hii bado ni za lazima katika kutuliza maumivu na mateso ya binadamu, na kwamba sharti hatua zichukuliwe ili zipatikane kwa ajili ya matibabu. Ni baada ya kusema hayo ndipo inapoutaja uraibu kuwa uovu mkubwa kwa mtu binafsi na hatari kwa jamii.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, wajibu wa kuzuia umejengewa vikosi vya polisi, mahakama na magereza. Wajibu wa kutibu umebaki kwenye karatasi katika mataifa mengi, hasa yale maskini. Makala haya yanaeleza mikataba hiyo ilivyoanza, inavyofanya kazi, na kwa nini sehemu yake moja imetekelezwa kuliko nyingine.

Chimbuko la udhibiti

Historia ya udhibiti wa dawa za kulevya inaanzia kwenye afyuni, ambayo wazee wa Kiswahili waliiita pia kasumba. Utomvu huu wa mmea wa mpopi umetumika kwa maelfu ya miaka kama dawa ya maumivu, ya kuharisha na ya usingizi. Katika karne ya 19, Uingereza ilipigana na China mara mbili, kuanzia 1839 hadi 1842 na tena kuanzia 1856 hadi 1860, na moja ya sababu kuu ilikuwa biashara ya afyuni iliyotoka India na kuuzwa kwa Wachina.

Wakati huo huo, sayansi ya dawa ilikuwa ikipiga hatua. Mwanzoni mwa karne hiyo, mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alifaulu kutenga mofini kutoka kwa afyuni. Mwaka 1898, kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini, ambayo hutengenezwa kutokana na mofini, ikiinadi kuwa dawa ya kikohozi. Haikuchukua muda mrefu kabla ya madaktari kugundua kwamba dawa hiyo mpya ilikuwa ikiwateka wagonjwa.

Mwaka 1909, wajumbe wa mataifa 13 walikutana mjini Shanghai kuzungumzia afyuni. Mkutano huo ulizaa mkataba wa kwanza wa kimataifa, uliotiwa saini mjini The Hague, Uholanzi, Januari 1912. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkataba huo uliunganishwa na Mkataba wa Versailles wa 1919, na hivyo mataifa yaliyoridhia amani yakajikuta yameridhia pia udhibiti wa afyuni. Bangi iliingizwa katika udhibiti wa kimataifa kupitia mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 1925.

Nchi nyingi za Afrika hazikuwa na sauti katika maamuzi hayo kwa kuwa zilikuwa chini ya wakoloni. Zilipopata uhuru, zilikuta mfumo umekwisha kujengwa na zikajiunga nao.

Mikataba mitatu

Mfumo wa leo umesimama juu ya mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa, na Kenya ni mwanachama wa yote.

Wa kwanza ni ule wa 1961, ambao ulichukua nafasi ya takriban mikataba yote iliyoutangulia na ukafanyiwa marekebisho mwaka 1972. Huu unahusu afyuni na jamii yake, kokeni na jani la koka, bangi, pamoja na dawa za kutengenezwa viwandani zinazofanana nazo kama vile methadoni. Dawa hizo zimepangwa katika majedwali manne. Mofini na methadoni zimo katika jedwali la kwanza, maana yake ni kwamba zinadhibitiwa vikali lakini zinaruhusiwa hospitalini. Heroini imo katika jedwali la kwanza na pia la nne, ambalo ni la dawa zinazohesabiwa kuwa na hatari ya kipekee.

Wa pili ni Mkataba wa Dawa Zinazoathiri Akili wa 1971, uliotiwa saini Vienna, Austria. Huu ulilenga vileo vilivyozuka katika maabara, kama vile amfetamini na LSD, pamoja na baadhi ya dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi.

Wa tatu ni Mkataba wa 1988 dhidi ya ulanguzi. Unazitaka nchi wanachama zitaifishe mali ya walanguzi, zipambane na utakatishaji wa fedha, zisaidiane kuwakabidhi washukiwa na zifuatilie kemikali zinazotumiwa kutengeneza mihadarati. Ni mkataba huu pia unaozitaka nchi kuhesabu umilikaji wa dawa kwa matumizi ya mtu binafsi kuwa kosa la jinai, ila kwa sharti kwamba jambo hilo lisigongane na katiba na misingi ya sheria ya nchi husika.

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya na Zinazoathiri Akili mwaka 1994, miaka sita baada ya mkataba huo. Sheria hiyo iliweka kifungo cha maisha kwa mlanguzi, juu ya faini ya Sh1 milioni au mara tatu ya thamani ya dawa aliyonaswa nayo, kutegemea kiwango kilicho kikubwa zaidi. Aliyepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe aliweza kufungwa hadi miaka 10. Marekebisho ya sheria hiyo yalipitishwa mwaka 2022.

Nani huamua

Uamuzi wa kuiweka dawa katika jedwali fulani hupitia hatua mbili. Kwanza, kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, huchunguza dawa hiyo: ina manufaa gani katika tiba, inaleta uraibu kwa kiasi gani, na madhara yake kwa jamii ni yapi. Kisha kamati hutoa pendekezo kwa Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, yenye wanachama 53 na ambayo hukutana Vienna. Tume ndiyo hupiga kura. Ni kusema kwamba wataalamu wa afya hushauri, nao wajumbe wa serikali huamua.

Tofauti baina ya pande hizo mbili ilidhihirika katika suala la ketamini. Dawa hii ya nusukaputi ni tegemeo la hospitali za mashambani zisizo na mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua wala mtaalamu wa nusukaputi, kwa sababu mgonjwa aliyepewa ketamini kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Katika baadhi ya nchi, hasa za Asia, vijana huitumia kujiburudisha. Machi 2015, China iliiomba tume iiweke ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa. WHO, ambayo ilikuwa imeichunguza dawa hiyo mara kadhaa tangu 2006, ilishauri kinyume, ikihofia kwamba upasuaji katika maeneo maskini ungekwama. Tume iliahirisha uamuzi huo.

Mfano wa karibu zaidi na Mkenya ni miraa. Kemikali mbili zilizomo ndani yake, kathinoni na kathini, zimo katika majedwali ya mkataba wa 1971, lakini jani lenyewe halimo. Mwaka 2006, kamati ya WHO iliichunguza miraa na haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Hata hivyo, kila nchi ina uhuru wa kuweka masharti makali kuliko ya mkataba. Uingereza iliipiga marufuku miraa Juni 24, 2014, ingawa baraza la wataalamu linaloishauri serikali hiyo kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limesema mwaka mmoja awali kuwa hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa kuchukua hatua kama hiyo. Wakulima wa Meru walipoteza soko hilo kwa uamuzi wa London wala si kwa mkataba wowote wa dunia.

Mofini hufikaje hospitalini

Chombo cha tatu katika mfumo huu ni Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, yenye wanachama 13 na makao yake Vienna. Bodi hii ndiyo hufuatilia kila gramu ya mofini inayovuka mpaka kihalali.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mwaka, serikali huipelekea bodi makadirio ya kiasi cha mofini, methadoni na dawa nyingine za jamii hiyo ambacho hospitali zake zitahitaji. Bodi ikishayapitisha makadirio hayo, hicho ndicho kiwango ambacho nchi inaweza kuagiza. Kila shehena huhitaji kibali cha nchi inayonunua na kibali cha nchi inayouza. Mwisho wa mwaka, serikali hutoa hesabu ya kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki.

Nchi ikipungukiwa, inaruhusiwa kupeleka makadirio ya nyongeza wakati wowote. Hivyo basi, hakuna kifungu katika mkataba kinachoizuia nchi maskini kupata mofini ya kuwatosha wagonjwa wake. Tatizo ni kwamba serikali nyingi hukadiria kwa kuangalia kilichotumika mwaka uliopita. Nchi iliyotumia kidogo huagiza kidogo, nayo ikiagiza kidogo haina budi kutumia kidogo. Bodi yenyewe imekuwa ikizihimiza serikali, katika ripoti zake, ziyapitie makadirio yao upya ili yalingane na mahitaji halisi ya wagonjwa.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu. Tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilichapisha ripoti yake Oktoba 2017. Ilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 61 duniani walipitia mateso makali yatokanayo na ugonjwa katika mwaka 2015, na milioni 25.5 kati yao walifariki mwaka huo. Kati ya takriban tani 299 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 pekee, yaani kilo 100.

Bei si kikwazo kikubwa. Mofini ya kunywa haina hataza na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Faida yake ndogo ndiyo huwafanya watengenezaji wa dawa wasiwe na haraka ya kuileta. Vikwazo vingine ni sheria zinazomtisha daktari asiandike dawa hiyo, uhaba wa wahudumu waliofunzwa, na imani ya watu wengi, hata ndani ya hospitali, kwamba mgonjwa akipewa mofini basi amekwisha kukatiwa tamaa au atageuka mraibu.

Nchini Kenya, Hospisi ya Nairobi ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990, na huduma za kutuliza mateso ya wagonjwa mahututi, ambazo wataalamu huziita tiba shufaa, zimeenea katika hospitali kadhaa za umma tangu wakati huo. Hata hivyo, shirika la kutetea haki la Human Rights Watch lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2010 kwamba watoto wengi wa Kenya wenye maradhi kama vile saratani na Ukimwi walikuwa wakiteseka kwa maumivu ambayo yangeweza kutulizwa kwa dawa za bei rahisi. Sheria ya 1994 inawaruhusu madaktari, wafamasia na wagonjwa walioandikiwa dawa kuwa na mofini. Lakini mhudumu wa afya anayesoma vifungu vya adhabu kabla ya kufikia ruhusa hiyo hawezi kulaumiwa sana akiogopa.

Uganda ilivyofanya

Kwamba hali hii inaweza kubadilishwa kumeonyeshwa na jirani wa Kenya. Dkt Anne Merriman, daktari Mwingereza ambaye awali alihudumu katika Hospisi ya Nairobi, alianzisha hospisi mjini Kampala mwaka 1993. Sharti lake kwa serikali ya Uganda lilikuwa moja: iruhusu mofini iingie nchini. Serikali ilikubali.

Mofini hiyo huagizwa ikiwa unga, ikachanganywa na maji na dawa ya kuzuia isiharibike, kisha ikatiwa rangi ili nguvu zake zitambulike kwa kuangalia chupa. Mgonjwa huenda nayo nyumbani na kuinywa kwa vipimo. Ni kitu tofauti kabisa na "unga" wa vichochoroni. Imezimuliwa kwa maji kiasi kwamba mlanguzi hana sababu kubwa ya kuitamani. Serikali hugharamia dawa hiyo, na mgonjwa hupewa bila malipo.

Hatua ya pili ilichukuliwa mwaka 2004. Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika mofini. Kabla ya hapo, mamlaka hayo yalikuwa ya madaktari, ambao ni wachache vijijini. Uganda haikujiondoa katika mkataba wowote wala haikuomba kusamehewa kifungu chochote. Ilitumia nafasi ambayo mkataba umeiacha wazi tangu 1961.

Hofu iliyo na msingi

Wanaosita kufungua mlango wa mofini wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa, nayo ni yaliyotokea Marekani. Mwaka 1996, kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza vidonge vya OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, na kuwashawishi madaktari kwamba hatari yake ya kuleta uraibu ilikuwa ndogo. Kampuni iliyohusishwa nayo ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007 kwa kuipotosha jamii, na Purdue Pharma yenyewe ikakiri makosa mengine mwaka 2020. Waliozoea vidonge waligeukia heroini, na baadaye fentanili, ambayo huua kwa kipimo kidogo mno. Mwaka 2021 pekee, zaidi ya Wamarekani 100,000 walifariki kwa kuzidisha dawa za kulevya.

Hata hivyo, kisa cha Marekani kinahusu vidonge vilivyotangazwa kibiashara na kuandikiwa watu wenye maumivu ya mgongo na ya viungo kwa miezi na miaka. Kinafundisha kuwa kampuni isiachwe ijidhibiti yenyewe. Hakisemi kwamba mwenye saratani ya umio katika kaunti isiyo na chupa hata moja ya mofini analindwa na ukosefu huo.

Mraibu: mhalifu au mgonjwa?

Wajibu wa kutibu unamhusu pia mtu aliyekwisha kunaswa na mihadarati. Mkataba wa 1961 unazitaka nchi zizuie matumizi mabaya, ziwatambue mapema waathiriwa, ziwatibu, ziwaelimishe na kuwarudisha katika jamii. Baada ya marekebisho ya 1972, unaziruhusu pia kumpa mraibu aliyetenda kosa matibabu badala ya adhabu. Mkataba wa 1988, pamoja na ukali wake, umeacha mlango huo wazi.

Ureno iliutumia mlango huo. Tangu Julai 1, 2001, anayepatikana na dawa isiyozidi mahitaji yake ya siku 10 hafikishwi mahakamani. Hupelekwa mbele ya jopo la wataalamu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, ambalo linaweza kumshauri, kumtoza faini au kumwelekeza kwenye tiba. Ulanguzi umebaki kuwa uhalifu, na dawa zenyewe zimebaki haramu. Wakati huo huo, nchi hiyo ilipanua vituo vya tiba. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yaliyogunduliwa miongoni mwa wanaojidunga yalipungua kutoka zaidi ya 1,000 kwa mwaka wakati sheria ilipoanza hadi chini ya 50 kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, suala hili si la kusoma vitabuni. Heroini ilianza kuingia Mombasa na miji mingine ya pwani katika miaka ya 1980. Njia ya majini kutoka pwani ya Iran na Pakistan imeendelea kutumiwa. Aprili 2014, manowari ya Australia HMAS Darwin ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi karibu na pwani ya Kenya. Si yote inayopita huishia Ulaya, kwani nyingine hubaki katika maskani za Mombasa, Malindi, Lamu, Zanzibar na Dar es Salaam.

Waliohamia kwenye sindano walibeba mzigo wa pili. Uchunguzi uliofanywa Nairobi mwaka 2011 ulipata takriban asilimia 18 ya waliokuwa wakijidunga wakiwa na virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kiwango cha asilimia 5.6 miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64. Serikali ilipotangaza mwaka 2012 kwamba ingeunga mkono ugavi wa sindano safi, baadhi ya viongozi wa dini wa Pwani walipinga, wakisema hatua hiyo ni kuhalalisha haramu. Wataalamu wa afya walijibu kuwa virusi havibaki kwa mwenye sindano, bali huenda naye nyumbani kwa mke, mume na mtoto atakayezaliwa.

Tiba iliyofuata ilikuwa methadoni. Dawa hii, iliyotengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, ilianza kutumiwa kutibu waraibu wa heroini mjini New York katika miaka ya 1960. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa afya. Kwa kuwa hukaa mwilini kwa zaidi ya saa 24, humwondolea mraibu ile hali ya kutetemeka, kutapika na kuumwa na mifupa ambayo vijana wa mitaani huiita arosto, bila kumlewesha kama heroini. Aliyepona arosto anaweza kwenda kazini badala ya kuzunguka akitafuta pesa za kununua kete. WHO iliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Mauritius ilianza kuitoa mwaka 2006. Tanzania ilifungua kliniki katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011. Kenya ilianza katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mapema mwaka uliofuata, na baadaye Mombasa na Kwale. Methadoni hizo huingia nchini kwa utaratibu ule ule wa makadirio na vibali unaotumika kwa mofini.

Udhaifu wa huduma hizo ni kwamba sehemu kubwa ya gharama zake ilibebwa na wafadhili wa kigeni. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mipango mingi ya kupambana na Ukimwi barani Afrika ilitikisika. Anayetumia methadoni hawezi kungoja kikao cha bajeti. Akikosa kipimo chake leo, arosto inamrudia kesho, na muuza kete hafungi duka.

Mataifa yanapogawanyika

Makubaliano yaliyokuwepo mwaka 1961 yamelegea. Bolivia ilijiondoa katika mkataba huo na kurudi mwaka 2013 ikiwa imejiwekea haki ya wananchi wake kutafuna jani la koka. Uruguay mwaka 2013 na Canada mwaka 2018 zilihalalisha bangi, ingawa mkataba unairuhusu kwa tiba na sayansi pekee. Desemba 2, 2020, tume ya Vienna ilipiga kura ya kuiondoa bangi katika jedwali la nne, kwa kura 27 dhidi ya 25, huku mjumbe mmoja akijizuia. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliopinga. Bangi bado imo katika jedwali la kwanza, hivyo kura hiyo haikuihalalisha. Ilikubali tu kwamba inaweza kuwa na manufaa ya kitabibu.

Katika suala la afya, mwelekeo umekuwa wazi zaidi. Kikao maalumu cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa cha Aprili 2016 kilitenga sehemu nzima ya azimio lake kwa upatikanaji wa dawa za tiba zinazodhibitiwa. Machi 2024, tume ilipitisha kwa mara ya kwanza azimio linalotaja bayana hatua za kupunguza madhara kwa watumiaji. Mwaka mmoja baadaye, ilikubali pendekezo la Colombia la kuundwa kwa jopo la wataalamu huru la kutathmini mfumo mzima.

Serikali ya Afrika Mashariki haihitaji kungojea matokeo ya jopo hilo ili imsaidie mgonjwa. Makadirio ya mofini huandikwa na maafisa wake wenyewe na yanaweza kurekebishwa mwaka huu huu. Kanuni za nani anaruhusiwa kuandika mofini hutungwa na wizara yake ya afya. Fedha za methadoni zinaweza kutengwa katika bajeti ya taifa na za kaunti. Na bunge linaweza kutofautisha, kwa maneno yasiyo na utata, kati ya anayesafirisha kilo za heroini na anayehitaji kutibiwa kwa sababu yake.

Mambo yote manne yameruhusiwa na mikataba ambayo serikali hizo zimekwisha kutia saini.